Gari la dizeli linavuja kwenye filta: tafuta hewa kabla ya kutafuta tone

Mwezi wa saba pale Uyole, Mbeya, saa kumi na mbili asubuhi, umande umelala kwenye kioo. Unapiga starta, gari linawaka, linatetemeka sekunde tatu, linazima. Unapiga tena, haliwaki. Unafungua boneti, unapampu juu ya filta kwa kiganja mara ishirini, mara thelathini, pampu inakuwa ngumu, unarudi ndani, linawaka. Siku nzima linatembea bila shida yoyote. Kesho asubuhi ni yaleyale.

Mimi nilikaa na tatizo hilo msimu mzima wa viazi. Nilikuwa na Hilux yenye injini ya Toyota iitwayo 3L, nikibeba viazi kutoka Isyonje kuleta Mwanjelwa, na kila aliyenikuta alfajiri nimeinamia boneti aliniambia ni baridi. Nikabadilisha hita plagi zote nne, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Nikanunua betri mpya. Siku moja niliegesha kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama chini, tangi limejaa, na niliporudi nikaona doa jeusi kwenye vumbi, sawasawa chini ya filta. Kosa lote lilikuwa oringi moja, pete ya mpira ya kuzibia, isiyofika upana wa kifuniko cha soda. Naandika haya kwa mwenye gari la zamani la dizeli, zile 2L, 3L, 5L, 1HZ na nyingine za aina hiyo, ili asinunue betri ambayo gari lake halikuihitaji.

Mafuta yanavyosafiri

Kwenye injini hizi hakuna pampu ndani ya tangi inayosukuma dizeli kuja mbele. Pampu ya nozeli yenyewe, iliyofungwa ubavuni mwa injini na kulisha nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda, ndiyo inayovuta mafuta kutoka tangini. Filta ipo katikati ya safari, upande wa kuvuta. Kwa hiyo injini ikinguruma, dizeli iliyo ndani ya mipira na filta inanyonywa, kama soda inavyopanda kwenye mrija. Mrija ukiwa na ufa, soda haimwagiki nje. Wewe unayenyonya ndiye unayevuta hewa.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Unampelekea fundi gari likiwa linawaka, anamulika tochi, anapapasa filta, anakuta pakavu, anakuambia filta yako nzima. Amesema kweli kwa alichokiona. Ufa uleule una sura nne. Injini ikiwaka, hewa inaingia na huoni kitu. Ukipampu kwa mkono, dizeli inasukumwa na hapo ndipo inatokeza nje. Ukiegesha mahali tambarare, tangi liko chini kuliko filta, hivyo mafuta yanarudi taratibu tangini usiku kucha na hewa inakaa mahali pake. Ukiegesha pua chini kwenye mteremko mkali na tangi limejaa, mafuta yanakuja mbele na kudondoka. Milima yetu ndiyo inayofanya gari moja livuje kwa jirani wa juu na lisivuje kwa jirani wa chini.

Ni baridi kweli, au ni hewa?

Usibishane na mtu kuhusu hili, mwambie kijana asimame nyuma aangalie bomba la moshi wakati unapiga starta. Moshi mweupe ukitoka huku injini haiwaki, dizeli inafika kwenye silinda ila haichomeki: hapo shughulikia hita plagi, rilei yake, betri, au mgandamizo wa injini iliyochoka. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Hita plagi hata ziwe mpya namna gani haziwezi kuchoma kitu ambacho hakijafika.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, pampu kwa mkono mpaka pampu iwe ngumu. Washa hita plagi kama kawaida, piga starta. Likiwaka mara moja na kutulia, baridi haina kosa. Ni hewa.

Lakini baridi nayo ina mkono wake, na hili lilinichanganya muda mrefu. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Kitulo inapita 2,500. Mpira uliozeeka ukipoa unakakamaa na kushindwa kujaza nafasi yake. Ukipata joto unalainika na kuziba tena. Nilikuwa nikishusha mzigo Kyela, nalala huko, asubuhi gari linawaka kwa mguso mmoja. Nikirudi Uyole, shida inarudi. Nilidhani dizeli ya Kyela ni bora. Kumbe ni oringi iliyopata joto.

Kausha kwanza, spana baadaye

Dizeli haikauki upesi kama petroli, na inatambaa. Tone linaloning'inia chini ya filta linaweza kuwa limetoka sentimita thelathini juu, kwenye mpira mdogo wa kurudisha mafuta kutoka kwenye nozeli, au kwenye kifuniko cha pampu ya nozeli, likafuata waya mpaka kwenye filta. Ukibadilisha filta kwa sababu ya tone hilo, umebadilisha kisichoharibika.

Futa eneo zima kwa tambara lililoloweshwa mafuta ya taa, kisha kausha kwa tambara safi. Piga hewa kwenye kona kama upo gereji. Halafu chukua karatasi nyeupe ya chooni na uzungushe kipande kimoja kimoja mahali hapa: chini ya pampu ya mkono, kwenye shingo ambapo filta inakutana na kichwa chake, yaani kipande cha juu inapofungiwa, chini kabisa kwenye sensa ya maji, na kwenye kila mwisho wa mpira. Injini imezimwa. Pampu taratibu mara ishirini huku ukitazama. Karatasi inayoanza kulowa ndiyo inayosema, na zikilowa mbili, iamini ya juu.

Kabla ya hapo nusa na ushike kidogo. Maji hayatelezi, oili ya injini ni nzito na nyeusi, dizeli inateleza na harufu yake haiondoki kidoleni hata kwa sabuni. Nimewahi kumwona mtu kule Igawilo amefungua filta nzima kwa ajili ya maji ya rejeta.

Karatasi ya chini imelowa

Kwa magari haya, hapa ndipo ningeanza hata kama nisingeona kitu. Chini ya filta kuna sensa ya plastiki inayowasha taa kwenye dashibodi maji yakijaa, na hapohapo kuna kizibo cha kumwagia maji hayo. Filta mpya mara nyingi inakuja bila sensa. Fundi anaifungua ya zamani, anaihamishia kwenye filta mpya, na oringi yake inahama nayo. Filta imebadilishwa mara kumi, oringi ni ileile iliyotoka na gari.

Ya kwangu nilipoitoa ilikuwa imebonyea upande mmoja ikawa bapa kama tambi, na ukiikunja inatoa ufa mwembamba kuzunguka ukingo wote. Oringi nzima ukiikata ni duara, ukiibana inarudi. Hiyo haikurudi.

Peleka ya zamani dukani, ulinganishe unene wake pamoja na upana. Watu hulinganisha upana tu. Iwe ya mpira unaovumilia mafuta. Oringi ya bomba la maji itakaa wiki chache, itavimba, itakatika. Ipake dizeli safi, ivishe kwenye mfereji wake bila kuisokota, ufunge sensa kwa mkono. Kwa mkono, narudia. Nyuzi zake ni za plastiki, na spana ikishapita kiasi, ufa utakaoupata hauna oringi ya kuuziba. Wengine wanazungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Usifanye hivyo: vipande vyake vinakatika na kuingia kwenye mafuta, na pia havizibi mahali ambapo oringi ndiyo inayoziba.

Kama oringi ni nzima, angalia kizibo cha maji. Kuna anayemwaga maji, anakaza nusu, anasahau. Kuna kizibo kilichoingiwa na chembe ya kutu. Wanaonunua dizeli ya madumu njiani wanakutana sana na kutu hiyo, kwa sababu maji ya humo yanakaa chini ya filta na kula chuma. Legeza kizibo, pampu mpaka itoke dizeli safi isiyo na maji wala uchafu, kaza tena kwa vidole.

Jambo moja zaidi kuhusu oringi za zamani. Kuanzia 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa hewa tunayovuta. Ila kazi ya kutoa salfa hupunguza pia kemikali zilizokuwa zikivimbisha mpira wa zamani, na mpira uliozoea kuvimba ukikosa kinachouvimbisha husinyaa. Oringi ambazo hazijabadilishwa tangu gari litoke Japani zina kila sababu ya kuvuja, na kuzibadilisha zote kwa siku moja si anasa.

Shingo imelowa

Filta imefungwa juzi tu, na tayari imeanza kulowa? Ifungue. Angalia kwenye kichwa: mara nyingi rabaa ya filta ya zamani imebaki imeng'ang'ania pale juu, na mpya imekaa juu yake. Rabaa mbili haziwezi kuziba kamwe, hata ukaze mpaka bati likunjike. Ni kosa la dakika moja na nimeliona kwa mafundi wenye miaka mingi kazini, hasa wanapofanya kazi jioni bila mwanga.

Sababu ya pili ni rabaa kufungwa kavu. Inajisokota wakati unakaza na kuacha mkunjo. Ipake dizeli kwanza. Izungushe mpaka rabaa iguse kichwa, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa nguvu ya mkono. Mnyororo wa filta ni wa kufungulia tu, si wa kukazia.

Ya tatu ni filta yenyewe. Soko letu lina filta zenye boksi zuri na rabaa ngumu kama plastiki. Bonyeza rabaa kwa ukucha dukani: ikiacha alama na kujaza taratibu, ni mpira, isipobonyea, irudishe. Zungusha filta kwa mkono kwenye nyuzi za kichwa kabla ya kuondoka kama gari lipo hapo. Ikicheza kushoto na kulia, nyuzi si zake. Sipendi kuijaza filta mpya dizeli kwa kopo kabla ya kuifunga, japo wengi hufanya, kwa sababu unachomimina kupitia tundu la katikati hakijachujwa na kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya nozeli. Funga kavu ndani, pampu kwa mkono. Inachosha tu.

Pampu ya mkono inatoa jasho

Karatasi ya juu ikilowa kuzunguka kitufe unachobonyeza, kiwambo cha mpira kilichomo ndani kimetoboka. Kinavuja unapopampu na kuvuta hewa unapoendesha. Kwa baadhi ya magari utapata kiwambo peke yake, kwa mengine utabadilisha kichwa kizima cha filta. Kichwa cha mtumba kinafaa ukikijaribu kwanza: ziba tundu la kuingilia kwa kidole, bonyeza na kuachia, unapaswa kuhisi kinanyonya kidole chako na kushikilia.

Ukiona kitufe kimefungwa kwa kamba ya mpira wa tairi ili kisiruke juu, jua mwenye gari aliyetangulia alishakutana na tatizo hili akalifunika.

Hakuna kilicholowa, na pampu haiwi ngumu

Hapa ndipo watu huchoka. Unapampu mara mia, pampu laini, karatasi zote kavu. Fikiri: pampu ya mkono inasukuma mafuta kwenda mbele, ndani ya filta na kuelekea pampu ya nozeli. Upande wa mbele ukiwa na ufa, ungeona dizeli. Nyuma yake, kuelekea tangini, inanyonya. Kwa hiyo ukavu wa karatasi pamoja na ulaini wa pampu vinakuambia hewa inaingia kabla ya kufika kwenye filta: mpira wa kuingilia, kiungo cha mpira na bomba la chuma, bomba lenyewe lililopita kwenye chesesi, au mrija ulio ndani ya tangi.

Anza na mpira. Mwisho wake uliobanwa na klipu ndio hupasuka kwanza, na ufa unakaa upande wa chini usiouona, kwa hiyo ukunje kwa vidole. Ukiwa na ziada ya urefu, kata sentimita mbili zilizochakaa na uvishe upya. Ile klipu ya waya iliyolegea badilisha. Ukiweka klipu ya kukaza kwa bisibisi usikaze mpaka izame kwenye mpira.

Kisha tumia mpira mweupe unaopitisha mwanga. Visha kipande kifupi mahali pa mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu ya nozeli, washa gari, tazama. Vipovu vinavyopita mfululizo ni hewa. Kimoja kimoja dakika za mwanzo baada ya kufungua filta si kitu. Hamishia kipande hicho upande wa kuingia kwenye filta. Vipovu vikiwepo pande zote mbili, tatizo lipo nyuma. Vikiwepo upande wa kutokea tu, filta na kichwa chake ndivyo vinavyoingiza hewa. Mpira huo ni wa kupimia tu, joto la injini linaulainisha, utoe ukimaliza.

Kama vipovu vinatoka nyuma, tundika dumu safi la dizeli iliyochujwa juu kidogo ya injini, vuta kutoka humo moja kwa moja kuingia kwenye filta. Gari likitulia, bomba la chesesi au la tangini limekwisha. Kwa magari yaliyofanya kazi kwenye tope la Rungwe na Makete, angalia pale bomba linaposhikwa na kibanio kwenye chesesi. Tope linakaa nyuma ya kibanio mwaka mzima na kutoboa chuma kwa ndani.

Boliti zenye tundu zinazoshika mabomba kwenye pampu ya nozeli zina washa (pete bapa) za shaba pande mbili. Zikifunguliwa ziwekewe mpya. Na boliti ya kurudishia mafuta, iliyochongwa OUT kichwani, ina tundu jembamba kwa makusudi. Ukiibadilisha nafasi na ile ya kuingilia, gari litakosa nguvu na utaanza kutafuta tatizo jipya.

Likikushika njiani

Tone linalodondoka kwenye bomba la moshi lenye moto si la kuendesha nalo kushuka Kitonga au Mlima Nyoka. Simama. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli, lakini bomba la moshi la gari lililopanda na mzigo lina joto la kutosha kuiwasha. Angalia pia kama haidondokei jenereta ya kuchajia betri au mipira ya rejeta, maana inailainisha.

Kufunga mpira wa tairi kuzunguka shingo ya filta kunazuia tone, hakuzuii hewa. Kutakufikisha gereji ya jirani ukiwa unapampu kila unapozima. Silikoni usipake kabisa. Dizeli inailainisha, inakatika vipande, na vipande vinaishia kwenye pampu ya nozeli, ambayo ukarabati wake unaweza kupita bei ya filta na oringi za miaka yote utakayokuwa na gari hilo.

Kuhusu kutoa hewa: pampu mpaka iwe ngumu, piga starta isiyozidi sekunde kumi na tano, pumzisha dakika moja, rudia. Likigoma, kwenye injini hizi za zamani unaweza kulegeza nati za mabomba ya nozeli nusu mzunguko, kupiga starta mpaka dizeli itoke, kisha kukaza. Weka tambara, weka uso na mikono mbali, kwa sababu mchirizi wa nozeli unapenya ngozi na kidonda chake kinahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kama kinaonekana kama tundu la sindano. Kwa gari la dizeli la kisasa lenye reli ya pamoja ya mafuta (common rail), usiguse nati hizo kabisa. Msukumo humo unapita bar 1,000.

Ukishamaliza, usiseme limepona siku hiyo. Tandika boksi la karatasi chini ya injini. Usiku wa kwanza egesha pua juu, usiku wa pili egesha pua chini tangi likiwa limejaa, na uchague usiku wa baridi. Asubuhi zote mbili likiwaka kwa mguso wa kwanza bila kupampu, na boksi likiwa kavu, funga boneti.